Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa ICAO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga) kuhusu leseni za marubani wa ndege za usajili wa nje

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Ni leseni ipi rubani awe nayo anaporusha ndege iliyosajiliwa nchi nyingine? Huko Montreal, makao makuu yenu, swali hili linahesabiwa kuwa lilijibiwa zamani. Huku viwanjani bado linatutoa jasho.

Ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, haina utata. Kwa safari za kimataifa, leseni iwe imetolewa au imehalalishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Uraia wa rubani hauhusiki. Zinazoamua ni herufi za usajili ubavuni mwa ndege, N kwa Marekani, D kwa Ujerumani. Hapo sina ugomvi. Shida ni kwamba kila nchi inahalalisha kivyake.

Chukua Marekani, ambao angalau sheria zao zinasomeka. Ndege ya N unaweza kuirusha ndani ya nchi nyingine kwa leseni ya nchi hiyo hiyo. Ukivuka mpaka, hata kwa dakika chache, leseni hiyo pekee haikutoshi. Basi unaomba cheti cha Marekani kinachoegemea leseni yako ya nyumbani. Kinakuja kimeandikwa namba ya leseni hiyo, na bila leseni yenyewe mkononi hakina kazi. Sasa mamlaka ya kwenu ikibadilisha namba za leseni, cheti chako hakifai tena mpaka kitolewe upya. Rubani ni yule yule, saa zake za kuruka ni zile zile, ila namba hazilingani. Wapo wanaokuja kujua pale mkaguzi anapoziweka karatasi mbili mezani. Afadhali mkaguzi kuliko kampuni ya bima baada ya ajali.

Ulaya nako, mwendeshaji mkazi wa huko mwenye ndege ya usajili wa nje hutakiwa rubani wake awe pia na leseni ya Ulaya. Leseni mbili kwa kindege cha viti vinne! Na Ibara ile ile ya 32 inairuhusu nchi kukataa, katika anga lake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine.

Sikuombi ubadilishe mkataba. Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo, kinachohusu leseni, tayari kinaruhusu nchi zenye kanuni za pamoja kuhalalishiana leseni moja kwa moja, na Ibara ya 38 inazitaka nchi zikuarifu zinapotofautiana na viwango. Ninachoomba ni orodha moja, wazi kwa umma, inayosema kwa kila nchi: nani aruhusiwe kurusha ndege zake, kwa karatasi zipi, kwa muda gani, na ofisi ipi ijibu. Pia, nchi inayobadilisha namba za leseni izijulishe mapema nchi zilizohalalisha leseni hizo, badala ya kumwachia kila rubani ahangaike peke yake.

Wako,
Rubani wa ndege ndogo