Salamu za Nanenane, na kidogo kuhusu tarehe saba

Ndugu zangu wa Arusha, Moshi, Babati na popote mlipo, kesho ni Nanenane, heri ya sikukuu ya wakulima. Poleni na baridi. Huku Sakina mlima Meru hatujauona siku ya nne leo, ukungu unakaa mpaka saa sita, mahindi tunayaanika asubuhi jioni yanarudi ndani na unyevu wake ule ule, ila ndio Agosti yetu tushaizoea. Wanaokwenda maonyesho pale viwanja vya Themi kesho vaeni majaketi jamani, msijifanye mmetoka Dar.

Sa mi salamu zangu kila mwaka zinachelewa kidogo kwa sababu ya leo. Kwetu Nanenane haijawahi kuja peke yake. Tarehe 7 Agosti 1998 ilikua Ijumaa, mi niko darasa la tatu, nawaza kesho yake tu tukaone ng'ombe wa maziwa, asubuhi mida ya saa nne na nusu kwenda saa tano yakalipuka mabomu mawili, moja ubalozi wa Marekani Nairobi lingine ubalozi wa Marekani Dar, yamepishana dakika chache tu. Dar walikufa watu 11, na pale gari lenye bomu lilizibwa na boza la maji la ubalozi wenyewe, bila lile boza sijui tungehesabu wangapi. Nairobi walikufa 213 na majeruhi ni maelfu. Al-Qaeda waliolipua walikua wanasema wanapigana na Marekani, haya, Wamarekani kwenye hao wote walikua 12. Waliobaki ni sisi, walinzi, makarani, mabinti waliokua wanasomea uhazili jengo la Ufundi House ambalo lilishuka lote chini, mtu kapanda basi anaenda zake.

Na watu wa Arusha mnajua, kwetu Nairobi ni karibu kuliko Dar, ukivuka Namanga unaanza kukutana na ndugu. Shangazi yangu alikua anafanya usafi ofisi moja ghorofani huko Nairobi, ng'ambo ya barabara kutoka ubalozini. Anasema alisikia kishindo kidogo kwanza, akadhani tairi la lori limepasuka, akaenda dirishani kuchungulia na wenzake. Hicho ndicho kilichowamaliza watu siku ile, cha kwanza kilikua bomu la mkono, watu wakasogea kwenye vioo kuangalia kuna nini, lile kubwa likawakuta hapo hapo wamesimama. Ndio maana waliopofuka ni wengi sana. Baba alipanda gari la Namanga jioni ile ile, akazunguka wodi siku tatu, shangazi kafungwa bandeji kichwa kizima hakuna anayeweza kumtambua, baba alimjua kwa kovu la jembe mguuni, alijikata wakilima pamoja wakiwa watoto.

Mambo ya fidia leo siyagusi, ni sikukuu. Sudan, iliyolaumiwa kuwahifadhi Al-Qaeda, ililipa Marekani dola milioni 335, wapita njia wa Nairobi hazikuwafikia, shangazi alisikia hiyo habari akaniambia zima redio tumalize kuchambua maharage.

Nanenane ya mwaka ule hatukwenda. Ya mwaka uliofuata pia hapana, nyumba ilikua kimya hata hakuna aliyeitaja. Halafu mwaka wa tatu yeye mwenyewe ndio akasema nipelekeni Themi, na mpaka leo hajakosa, mi ndio naongoza mkono. Aisee kutembea naye ni kazi, kila banda anasimama. Anashika gunzi anapitisha kidole gumba anahesabu mistari, kumi na nne, kumi na sita, anang'ata punje moja anatema, kahawa anainusa anakwambia hii imeanikwa chini sio kwenye kichanja. Mwaka jana kijana mmoja wa mbegu, hakuangalia vizuri anaongea na nani, akamwambia mama cheki rangi yake ilivyo nzuri. Mi nikashika pumzi. Shangazi akacheka, akamwambia mwanangu rangi hailiwi, eka moja inatoa gunia ngapi? Kijana alivyogundua akaanza pole mama pole sana, ikawa balaa, shangazi kakasirika kweli, pole ya nini wakati nimekuuliza magunia!

Leo asubuhi ilipofika saa nne na nusu alitoka nje akakaa kwenye kiti chake pale karibu na mahindi, kama kila mwaka. Haongei na hatumuongeleshi. Baadae akaita, nguo zangu za kesho mmepiga pasi?

Basi kesho tukutane Themi. Mkiona mama mmoja mrefu kavaa miwani nyeusi anabishana bei ya miche ya parachichi ndio huyo, msimpe pole, mwamkieni tu shikamoo na mmwambie mvua kwenu ilikuaje mwaka huu, hiyo ataongea mpaka jioni. Heri ya Nanenane.