Barua ya malalamiko: gari mliloniuzia linakula oili

Uyole, Mbeya
22 Julai 2024

Meneja Mauzo,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: GARI LINALOKULA OILI KUPITA KIASI NA DHAMANA ISIYOTEKELEZWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwezi Aprili mwaka huu nilinunua kwenu gari la kubebea familia na mzigo, injini ya petroli ya cc 1,800, lililotengenezwa Japani mwaka 2005, kwa Shilingi 15,500,000. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo wa SACCOS ambao bado naulipa. Nakala za risiti na mkataba wa mauziano nimeziambatanisha. Kwenye mkataba huo mmeandika kwa mkono wenu: "Injini safi, haijafunguliwa. Dhamana injini na giaboksi miezi mitatu." Injini hiyo inachoma oili. Ilikuwa inachoma oili siku mliyoniuzia, na kila nilipowaambia mmenijibu niongeze oili niendelee na safari.

Nianze na majibu yenu, maana yameniumiza kuliko hata gharama. Nilipopiga simu mwezi Mei, dhamana ikiwa hai, kijana wenu wa mauzo aliniambia, "Mama, gari la mtumba lazima lile oili kidogo, tembea na galoni yako kwenye buti." Juni akasema tatizo ni milima ya huku kwetu. Mara ya mwisho akanitumia picha ya mhuri uliopo chini ya risiti yangu, "Mali ikishauzwa hairudishwi," na tangu hapo simu zangu hazipokelewi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeomba kuliona gari.

Mmesema ni kidogo. Ni kweli kila injini hutumia oili kiasi, na wapo watengenezaji wanaovumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Fundi wangu hakutaka kukisia. Alimwaga oili yote, akajaza oili nyepesi ya 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, hadi alama ya juu ya stiki ya kupimia, gari likiwa tambarare na injini imepoa. Akapaka rangi kwenye kifuniko cha oili na kwenye nati ya kumwagia, ili mtu akigusa ijulikane. Nikaendelea na biashara zangu za kawaida. Kabla sijafikisha kilomita 500, oili ilikuwa imeshuka chini ya alama ya chini, yaani zaidi ya lita 1 imekwisha, na rangi haijaguswa. Hicho si kiasi kidogo kwa kipimo cha mtu yeyote. Picha za stiki na za dashibodi, kabla na baada, mtazikuta kwenye viambatanisho.

Kuhusu milima, nachukua mchele Kyela na ndizi Tukuyu, nauza Uyole, na ni kweli kutoka Kyela hadi Isongole wilayani Rungwe gari linapanda zaidi ya mita 1,500. Lakini njia hiyohiyo inapitwa kila siku na daladala na malori ya ndizi, mengi ni makuukuu kuliko gari langu na yamebeba mara kadhaa ya ninachobeba mimi, na wenyewe wanamwaga oili muda ukifika bila kuongeza katikati. Kama milima ingekuwa inamaliza oili, Rungwe nzima isingekuwa na gari linalotembea.

Milima imefichua kilichokuwemo ndani ya injini. Fundi alipanda nami siku moja, na tulipoanza kuteremka Isongole kuelekea Tukuyu akaniambia nirudishe gia, nisikanyage mafuta, niiache injini ilishike gari. Ukiteremka hivyo njia ya hewa inakuwa imefungwa na pistoni zinavuta kwa nguvu. Zikikosa hewa ya kutosha, zinanyonya oili kupitia ringi za pistoni zilizochoka au sili za valvu zilizokauka. Tulipofika pa tambarare Tukuyu mjini akasema, "Haya, kanyaga." Nikaona kwenye kioo cha pembeni wingu la moshi wa buluu likimfunika bodaboda aliyekuwa nyuma yetu mpaka akasogea pembeni na kusimama. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi tunaujua watu wa huku, unatoka na kupotea palepale. Huu ulibaki barabarani, na harufu ya oili iliyoungua ikatuingilia hadi ndani.

Baada ya hapo gari likaenda gereji Mafiati. Ninaeleza alichofanya fundi hatua kwa hatua ili fundi wenu akirudia apate majibu yaleyale.

Kwanza alitafuta kama inavuja. Alitandika boksi kavu chini ya injini usiku kucha, na asubuhi halikuwa na hata tone. Maji ya rejeta ni masafi, hayana utando wa mafuta. Akabadili ile valvu ndogo ya kupumulia injini, inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, kwa sababu ikiharibika nayo hufanya gari lile oili na ni matengenezo ya bei ndogo. Hali haikubadilika. Ndipo akafungua plagi. Tatu zilikuwa na rangi ya kawaida. Ya silinda namba 3 ilitoka nyeusi, imelowa oili, na ncha yake imeota ukoko wa masizi mgumu kiasi kwamba ukucha haukuweza kuubandua.

Akapima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa. Mbeya tuko juu, mita kama 1,700, hewa ni nyepesi, na saa ya kompresheni husoma pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Kwa hiyo hakutazama ukubwa wa namba peke yake, alitazama tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zilisoma kati ya psi 145 na 150. Namba 3 ilisoma 105. Akadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi, akapima tena, ikapanda hadi 140. Fundi yeyote wa injini anaijua maana yake. Kama upepo ungekuwa unapotelea kwenye valvu, oili ile isingesaidia kitu. Imesaidia kwa sababu imeziba mwanya kwa muda, na mwanya huo uko kwenye ringi za pistoni.

Ringi haziharibiki hivi kwa miezi michache ya kubeba mchele. Ringi ya chini kabisa kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo kwenye pistoni. Injini ikitembea muda mrefu bila kumwagwa oili kwa wakati, oili inaganda kuwa masizi, matundu yanaziba, ringi inakwama kwenye mfereji wake na kuacha oili ipite kwenda kuungua. Hiyo ni kazi ya miaka, na mimi ninalo gari hili tangu Aprili.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nataka Meneja ulisome wewe mwenyewe, usimwachie kijana wa mauzo. Ndani ya boneti kulikuwa na kadi ya sevisi iliyofungwa kwa waya, ina mhuri wa yadi yenu na tarehe ya wiki ileile niliyonunua. Imeandikwa SAE 50. Injini inayotaka 5W-30 mliijaza oili nzito mno, na iliyotoka wakati fundi anamwaga ilikuwa inashuka kama asali ya asubuhi ya Juni. Ndiyo maana wiki za mwanzo staata ilikuwa inazunguka kwa shida gari likilala nje. Wanaofanya biashara hii wanajua oili nzito inawekwa kwa ajili gani kwenye injini iliyochoka. Inapita kwa shida kwenye ringi, moshi unapungua, na mnunuzi akiendesha hadi Kabwe na kurudi haoni kitu. Siku nilipokuja na fundi kukagua, boneti lilikuwa limeshapata moto kabla hatujafika, kwa hiyo hatukupata nafasi ya kuliona gari linavyowaka likiwa la baridi. Niliuliza waziwazi kama injini inakula oili. Nikajibiwa, "Hapana mama, tumemwaga juzi tu."

Ninaomba pia nakala ya cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje, ambacho huandikwa kilomita zilizosomwa. Dashibodi ilikuwa inasoma 84,000 siku ninanunua. Nataka kuona kama namba hizo zinaendana. Cheti hicho mnacho, kwa sababu gari haliwezi kuwa limetoka Japani bila hicho.

Kijana wenu anaposema nitembee na galoni kwenye buti, anasahau kwamba oili ndiyo inayoibeba injini. Ikipungua, pampu inavuta hewa, hasa gari likiinama, na bearingi zinasagana kavu. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Igurusi, nimebeba mzigo na wamama wenzangu wawili wa sokoni. Nikiwa napandisha Mlima Nyoka, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nyuma yangu lilikuwepo lori refu la kwenda Tunduma, mbele yangu jingine linatambaa, pa kupaki hapakuwepo. Niliwasha hazadi, nikasogea taratibu hadi nikapata upana wa kusimama, nikazima. Kila anayepita Mlima Nyoka na Inyala anajua magari yaliyopoteza uwezo hapo yamesababisha nini. Injini ingenoki pale katikati, nisingekuwa naandika habari ya fedha. Wamama wale wana watoto, na mimi ndiye niliyewaambia wapande.

Kuhusu mhuri wa "Mali ikishauzwa hairudishwi": Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze zenye ubora unaostahili, na anayekagua kabla ya kununua anabanwa na kasoro ambazo ukaguzi wa aina hiyo ulipaswa kuzionyesha. Ringi zilizokwama ndani ya silinda, zimefunikwa kwa oili nzito, haziwezi kuonekana kwa kufungua boneti na kuzunguka mtaani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Na hata tukiweka sheria pembeni, ninyi wenyewe mmeandika dhamana ya injini miezi mitatu. Nililalamika ndani ya miezi hiyo, kwa simu na kwa ujumbe wa maandishi, na ujumbe huo ninao wote pamoja na majibu yenu.

Ninachotaka ni injini hii ifunguliwe kwa gharama yenu, kwenye gereji tutakayokubaliana sote hapa Mbeya, fundi wangu akiwepo. Pistoni zisafishwe masizi, ringi zote zibadilishwe kwa mpya, sili za valvu na gasketi vivyo hivyo, na silinda zipimwe kama zimelika. Masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yakaguliwe, kwa maana oili iliyoungua huyaziba, na yakikutwa yameharibika yabadilishwe. Baada ya hapo tujaze oili sahihi, tupake rangi kifuniko kama alivyofanya fundi wangu, nitembee kilomita 1,000 na tupime pamoja. Gharama za oili niliyoongeza na za vipimo vya gereji, risiti zake zipo, mnirudishie.

Msinipe injini nyingine ya mtumba isiyopimwa mkahesabu kuwa mmemaliza. Sitaipokea bila kupimwa kompresheni mbele yangu silinda zote. Na kama mnaona kufungua injini ni hasara kwenu, basi chukueni gari lenu mnirudishie Shilingi 15,500,000 zangu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nimeipeleka kwa mkono na kusainiwa mapokezi, na nakala ya pili imeandaliwa kwa ajili ya Tume ya Ushindani. Siku hizo zikipita bila jibu la maandishi, nitaipeleka pamoja na kadi ya SAE 50 ya yadi yenu na picha zote.

Gari liko gereji Mafiati na halitembei. Plagi ya silinda namba 3 tumeiweka pembeni haijasafishwa, na fundi wenu anaweza kuja kuiona siku yoyote ya kazi, kuanzia saa 2 asubuhi.

Wenu,

Mteja (jina, saini na namba ya simu vipo kwenye nakala mliyopokea kwa mkono)