Kwa Nini Kidani Hubanduka, na Kwa Nini Tunaomba Usikitie Gundi

Wateja kadhaa waliochukua vidani na bangili zetu za shaba hapa Kigoma wameturudishia kazi iliyobanduka kipande, na karibu wote huuliza kama rangi haikushika. Swali ni la haki, ila hiyo si rangi ya kupakwa. Ni unga wa kioo uliochekechwa juu ya shaba nyekundu, ukaingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, ukayeyuka kwa dakika mbili tatu na kushikamana na shaba. Ni ndugu wa kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa bluu ambacho wengi wetu tulinywea uji kwa bibi, na aliyewahi kukiangusha analikumbuka doa jeusi lililobaki.

Shaba hutanuka kuliko kioo inapopata moto, na husinyaa zaidi inapopoa. Kazi ikishapoa, kioo hubaki kimebanwa na shaba, na kubanwa huko kwa kiasi ndiko kunakokiimarisha. Upande mmoja ukiachwa wazi, bamba jembamba hupinda na kioo hupasuka; ndiyo maana mgongo wa kidani, ambao hakuna anayeuona, nao huwekewa kioo. Bangili ikipanuliwa kwa mkono ili ipite kiganjani, shaba hukubali, kioo hakikubali.

Kazi inayorudishwa zaidi ni kidani cha ziwa, na hapo kosa lilikuwa letu. Ziwa Tanganyika limo katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako ardhi imevutwa pande mbili na sakafu ikadidimia, hata kina chake kikafikia mita 1,470. Ili kuonyesha kushuka huko, tulikuwa tukiweka bluu inayopitisha mwanga tabaka moja ufukweni na tano katikati, kila tabaka kwa moto wake. Ilipendeza mno. Lakini penye kina kirefu ndipo kioo kilipokuwa kinene, na ndipo kilipoanzia kupasuka. Sasa katikati tunatumia bluu iliyokolea katika tabaka mbili tu. Nakiri kwamba haina mng'ao wa ile ya kwanza, ila inadumu.

Kuhusu wekundu wa vilima katika kazi zetu, wengi hudhani tunasaga mawe ya hapa. Hatusagi, kwa kuwa mawe hayo hayayeyuki kwa joto la tanuri letu. Udongo wa Kigoma hupata wekundu wake kutoka kwenye oksidi ya chuma, nasi tunauiga kwa unga wa kununua, tukitanguliza kioo kisicho na rangi, maana nyekundu inayopitisha mwanga ikiwekwa moja kwa moja juu ya shaba hufifia ikawa kahawia chafu.

Anayeleta kazi kwa matengenezo asiitie gundi, kwa sababu gundi huungua tanurini na kuacha malengelenge ndani ya kioo. Tutang'oa kulabu na mnyororo, tutasafisha shaba iliyo wazi, tutajaza unga na kuchoma upya, ingawa mpaka wa kiraka unaweza kuonekana kidogo. Kazi iliyopasuka bila kuangushwa wala kukunjwa tunaitengeneza bure. Nyingine tunataja bei baada ya kuiona.