Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: tuwekee pa kutupa nailoni za uvuvi

Ndugu Mkurugenzi, salaam.

Pita mwalo wa Kibirizi siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika. Utawakuta mafundi mchangani wakishona nyavu. Panapotiwa kiraka, kipande kibovu hukatwa kwa wembe kikaangukia pale pale miguuni, pamoja na mishipi iliyokatika. Upepo ukivuma, wimbi linazoa vyote. Hawakusudii ubaya, hawana pa kuviweka. Wengine huchoma, na moshi wake tunauvuta na watoto wetu.

Nailoni ikishaingia majini haiozi, inaendelea kuvua bila mwenyewe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wavuvi walikaa nyumbani wakavumilia ukata ili samaki wazaliane, huku nyavu zilizotelekezwa zikinasa usiku na mchana. Hilo linaniuma sana. Samaki aina ya kuhe hulinda vifaranga vyao, dume na jike pamoja. Wazazi wakinaswa, vifaranga vinaliwa. Fisi maji na swila wa majini huvuta hewa kama sisi, kwa hiyo wakifungwa na uzi huko chini wanakufa maji. Na maji ya ziwa lenyewe yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo tunachotupa kingi kinabaki humu humu.

Kule Florida, Marekani, mpango wa jimbo zima wa kukusanya nyuzi hizi ulianza mwaka 2001. Wamefunga mabomba ya plastiki magatini, mdomo umepindwa mvua isiingie. Mvuvi anatumbukiza uzi, unakusanywa, unayeyushwa na kutengenezwa vitu vingine. Bomba la namna hiyo fundi yeyote wa maji hapa Kigoma analiweza. Tunaomba Kibirizi, Katonga na Ujiji tupate yetu, na BMU, vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialoni, wakabidhiwe kuyasimamia. Ndoano zitolewe kwanza, na uzi wa kusokota uwekwe kando, maana hauyeyushwi pamoja na ule wa unyuzi mmoja. Mzigo ukikaushwa na kufungwa robota unaweza kwenda Dar es Salaam kwa treni. Kumtafuta mnunuzi ndiko tunakohitaji mkono wa ofisi yako.

Liko jambo moja gumu zaidi. Nyavu za timba, zile za unyuzi mmoja wa plastiki, zimepigwa marufuku, na ni haki. Lakini mwenye timba kuukuu ndani hataileta mchana kweupe akijua atakamatwa. Atasubiri giza aizamishe ziwani, na huko ndiko itakakoua zaidi. Kaa na maofisa uvuvi, mtangaze kipindi ambacho anayesalimisha wavu haulizwi jina wala hatozwi faini. Tangazo hilo lisomwe mialoni na misikitini, makanisani pia, kabla ziwa halijafungwa tena.

Wako,
Mkazi wa Kibirizi