Shukrani kwa fundi wa Matondoni

Kimbunga Hidaya kilipoipiga Mafia, kule Tanzania, mwanzoni mwa mwezi huu wa Mei 2024, huku Lamu tulipata upepo na mawimbi yake. Dau la mume wangu lilikata kamba likagonga mawe, mbao mbili za ubavuni zikapasuka. Dau hilo ndilo linalotulisha.

Akatokea fundi mmoja wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha huku Lamu, mtu mzima, hatumjui hatujuani. Hakuitwa. Alikuwa akipita ufukweni, akaliona, akavua viatu. Alizing'oa mbao mbovu bila kuyagusa mataruma, zile mbavu za ndani za dau, akachonga mpya kwa tezo, anapachika, anatoa, anapunguza, hadi zikakaa. Kilichonigusa zaidi ni kalafati, ile kazi ya kuziba nafasi baina ya mbao. Alisokota pamba yenye mafuta, akaipigilia mshononi taratibu huku akipitisha kidole nyuma ya kila pigo. Palipolegea alipafumua akaanza upya, na hapana aliyemsimamia. Mwisho akapaka sifa, yale mafuta ya papa, akamwambia mume wangu, "Usilishushe leo, mwanangu. Liache linywe mafuta kwanza."

Pesa alikataa katakata. Alikunywa chai kwa mahamri, basi. Aliomba tusimtaje jina, nami nimetii, ila wema wake siwezi kuunyamazia. Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na nguvu za mikono.

Nanyi wenye ujuzi wa mbao, nyavu au makuti, upepo wa kusi ndio kwanza umeshika, na wapo wenzetu ambao vyombo vyao bado vimelala mchangani. Piteni mkawaangalie.