Katuni za Evelyn Lambart: Barua kutoka Montreal

Montreal, Kanada

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Uliniuliza katuni gani uwaonyeshe watoto badala ya zile zenye makelele tangu mwanzo hadi mwisho. Nakujibu bila kusita: watafutie filamu fupi za Evelyn Lambart, mtengenezaji wa katuni wa Kanada.

Hata huku jina lake halitajwi sana, kwa kuwa miaka mingi alifanya kazi pamoja na Norman McLaren, Mskochi aliyejiunga na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada mwaka 1941, na sifa nyingi zikamwendea mwenzake huyo. Mwaka 1949 wawili hao walitoa Begone Dull Care, filamu isiyo na hadithi wala wahusika. Waliuchukua ukanda wa filamu wenyewe, wakaupaka rangi na kuukwaruza kwa mkono, wakiufuata muziki wa jazi wa Oscar Peterson, mpiga piano mzaliwa wa mji huu huu ninaoishi. Muziki unapotulia, rangi zote hutoweka, na juu ya weusi hubaki mistari michache myeupe, myembamba, inayotetemeka kwa kila noti. Sehemu hiyo naipenda kuliko zote.

Baadaye Lambart alitengeneza filamu zake mwenyewe, akikata ndege na wanyama wa karatasi na kuwasogeza kidogo kidogo chini ya kamera. Katika The Hoarder ya mwaka 1969, ndege mwenye manyoya ya buluu anajilimbikizia kila anachokiona, hata jua lenyewe. Studio kubwa za Hollywood ziliajiri mamia ya wachoraji na kuwataka wote wachore kwa namna moja. Kwa Lambart unaiona kazi ya mtu mmoja, na kingo za karatasi alizozikata hazikufichwa. Kwangu mimi uzuri wa filamu hizi uko hapo, na ndiyo maana naamini mtoto akimaliza kuzitazama atataka mkasi na karatasi.

Nyingi kati ya filamu zake Bodi imeziweka kwenye tovuti yake, na hazilipiwi. Anza na The Hoarder, kisha uniandikie watoto wamesema nini kuhusu yule ndege.

Wafikishie wazazi shikamoo zangu.

Ni mimi kaka yako.