Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bima ya Mikopo

Ndugu wanachama,

Leo nitajibu malalamiko juu ya bima mpya ya mikopo, ile inayolipa deni mwanachama akipatwa na janga, na ada yake iliyopanda. Shughuli za kawaida za chama chetu cha akiba na mikopo mnazijua. Mikopo imetolewa, gawio limelipwa, na misiba miwili tumeshiriki kwa heshima. Tuko wanachama 214. Waliokamilisha ada ya uanachama ni 131, na mkutano wa Agosti wa kujadili bima ulihudhuriwa na watu 38. Matangazo yalibandikwa, na mimi mwenyewe niliwatumia ujumbe mmoja mmoja. Akidi haikutimia, bodi ikalazimika kuamua. Inaniuma kwamba wanaolalamika zaidi leo ni wale ambao siku ile sikuwaona.

Ndiyo, ada ya bima imepanda kutoka shilingi 4,000 hadi 7,500 kwa mwaka kwa kila milioni moja ya deni. Naomba nieleze sababu.

Mnamkumbuka mwalimu mwenzetu aliyepata kiharusi nyumba yake ikiwa imefika kwenye lenta. Bima ya zamani ililipa kifo na ulemavu wa kudumu tu. Daktari akaandika kwa mkono wake: "Anaendelea na mazoezi, anatarajiwa kupata nafuu." Kwa sentensi hiyo dai likakataliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mgonjwa siku 63 za mshahara kamili na 63 za nusu mshahara, katika mzunguko wa miezi 36. Nusu ilipoanza, makato ya mkopo wake hayakutosha tena bila kugusa theluthi moja ya mshahara inayotakiwa kubaki. Wakaanza kukatwa wadhamini wake. Mmoja alikuja ofisini na slipu yake mkononi, ada ya shule ya mtoto haijalipwa. Siku ile niliapa jambo hili lisijirudie nikiwa mwenyekiti.

Bima mpya inalipa rejesho la mwezi hadi miezi 12 mwanachama akiugua, kuanzia siku ya 31. Kampuni ya bei nafuu mliyoipendekeza haigusi ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba, na humu ndani wenye presha na sukari ni wengi. Mkataba wake nimeusoma ukurasa kwa ukurasa, mara mbili.

Wapo wanaosema WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) na PSSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma) zinatosha. WCF hufidia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Kiharusi kilichomkuta mtu kitandani kwake hakimo. Mafao ya ulemavu ya PSSSF ni ya anayeacha kazi kwa ugonjwa, na mwalimu wetu bado ni mtumishi.

Kuhusu maneno kwamba nimepewa kamisheni: sijapokea hata senti. Leseni ya wakala wa bima hii tuliihakiki TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na jalada liko kwa katibu, wazi kwa kila mwanachama.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutazungumza na kampuni ipunguze ada, na tuone namna ya kuwaingiza wenza wetu. Wenye madeni ya ada ya uanachama, nawaomba sana mlipe.

Naomba kuwasilisha.